Tusidhani Wadudu Watanusurika Tena

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, hapa Songea, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Nilikuwa nimelieleza darasa kwamba mabadiliko ya tabia ya nchi ya siku hizi yanawahatarisha wadudu, na kwamba hasara yao ni hasara ya mkulima. Kijana huyo akainua mkono, akasema: "Mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba dunia ilipitia vipindi vya baridi na vya ukame kabla binadamu hajaanza kulima. Wadudu walikuwapo wakati wote huo, nao wapo hata leo. Kwa nini basi tuwahofie?" Wenzake walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kisha kengele ikalia, somo likaishia hapo.

Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Tangu siku hiyo nimelisikia mara nyingi vinywani mwa watu wazima, tena si kama swali bali kama hitimisho: kwamba wadudu ni wagumu, wamezoea shida, na kwa hiyo hatuna haja ya kujisumbua kwa ajili yao. Naandika makala hii ili kumjibu kijana yule, na kwa njia hiyo kuwajibu wote wanaofikiri hivyo. Maoni yangu ni haya: ni kweli kwamba wadudu wa nchi zetu walinusurika katika mabadiliko makubwa ya zamani. Lakini ukichunguza jinsi walivyonusurika, kama ilivyoandikwa katika chembe zao za urithi, utaona kwamba mambo yaliyowaokoa zamani ndiyo hayo hayo tunayoyaondoa leo kwa mikono yetu.

Ushahidi uliomo katika Ziwa Nyasa

Tuanze na ukame wenyewe, maana ushahidi wake umo mkoani kwetu. Anayesafiri kutoka Songea kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay hufika ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ziwa lenye kina cha mita 700 hivi mahali palipo na kina kikubwa kuliko pote. Ni vigumu kwa mtu asimamaye pale kufikiri kwamba maji mengi namna ile yangeweza kupungua hata likabaki ziwa dogo la chumvi. Hata hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2005 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walitoboa sakafu ya ziwa hilo upande wa Malawi, wakatoa nguzo ndefu za matope yaliyotuama tabaka juu ya tabaka kwa muda wa makumi ya maelfu ya miaka. Katika matabaka hayo mna chavua za mimea, mabaki ya viumbe vidogo vya majini na mkaa wa mioto ya nyika, na kila kimojawapo ni shahidi wa hali ya hewa ya wakati wake.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalikuwa ya kushangaza. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, eneo hili lilipatwa na vipindi vya ukame mkali mno. Katika vile vilivyokuwa vibaya zaidi, ziwa lilipoteza kiasi cha asilimia 95 ya maji yake. Lililobakia lilikuwa na kina cha mita 125 hivi na maji ya chumvichumvi, na nchi iliyolizunguka ilifanana na nusu jangwa. Baadaye, tangu miaka 70,000 hivi iliyopita, mvua zilirudi kwa wingi zaidi. Kisha, miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, nchi zetu nazo zilipoa kwa digrii 4 hivi za Sentigredi, na sehemu nyingi zikawa kavu. Hata Ziwa Viktoria lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita.

Basi kijana yule alisema kweli. Wadudu wa kusini mwa Tanzania walikutana na mambo makubwa kuliko ukame wowote unaokumbukwa na wazee wetu. Linalobaki ni kuuliza walipitaje.

Rejista ya urithi

Mdudu haachi magofu wala vigae vya vyungu, na mwili wake huoza upesi. Lakini kila mdudu aliye hai amebeba historia ya ukoo wake mwilini. Kila kiumbe hurithi kutoka kwa wazazi wake maandishi marefu ya kikemikali yaitwayo DNA. Maandishi hayo hunakiliwa kizazi baada ya kizazi, na mara chache herufi moja hukosewa. Kosa hilo, ikiwa halimwui mwenyewe, hurithiwa na watoto. Kwa hiyo makosa huongezeka polepole kadiri muda unavyopita, na wingi wa tofauti baina ya viumbe wawili hutuwezesha kukadiria ni lini nasaba zao ziliachana.

Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa kutumia rejista ya darasa. Tuseme kuna vijiji viwili, kila kimoja kina shule yenye wanafunzi mia moja. Katika rejista ya shule ya kwanza mna majina ya koo themanini, nayo hayafanani hata kidogo. Katika rejista ya pili mna majina mengi vilevile, lakini ukiyatazama kwa makini unaona kwamba karibu yote yanatofautiana kwa herufi moja tu, kana kwamba yalitokana na jina moja lililokosewa kidogo na makarani. Bila kuuliza mtu, utatambua kwamba kijiji cha kwanza ni cha kale, na kwamba kimekaliwa na watu wengi kwa muda mrefu. Kijiji cha pili kilianzishwa na watu wachache, kisha kikakua upesi. Na kama ukikuta rejista ya tatu yenye majina mawili tu, utajua kwamba watu wa huko walipatwa na jambo lililowapunguza sana, na bado hawajapata muda wa kupona.

Wazee wa Songea wanalielewa jambo hili. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 katika safari yao ndefu kutoka kusini, na hadi leo baadhi ya majina ya koo zao yanaonyesha walikotoka, ingawa lugha wanayosema imebadilika. Jina la ukoo limehifadhi habari ambayo mazungumzo ya kila siku yameisahau. Ndivyo ilivyo kwa jeni za wadudu.

Kipepeo wa ng'ambo ya ziwa

Karibu mkabala na Mbamba Bay, ng'ambo ya pili ya ziwa, iko Nkhata Bay nchini Malawi. Mwaka 1988 vipepeo majike wapatao 80 walichukuliwa huko, wakapelekwa katika maabara ya Uholanzi. Jina lao la kisayansi ni Bicyclus anynana. Ni kipepeo mdogo wa rangi ya kahawia, arukaye chini chini kwenye kivuli, anayependa matunda yaliyooza, na ambaye viwavi wake hula majani ya nyasi. Kutokana na wale 80 kimezaliwa kizazi kinachochunguzwa hadi leo katika maabara za nchi kadhaa.

Sifa iliyomfanya mdudu huyu awe mashuhuri ni kwamba ana mavazi mawili. Wale wanaokua wakati wa mvua, viwavi wao wakiwa katika joto la digrii 27 hivi, hupata madoa makubwa yanayofanana na macho kwenye kingo za mbawa. Wale wanaokua wakati wa baridi na ukavu, katika joto lisilofika digrii 20, hupata madoa madogo mno, wakafanana na majani makavu ambamo hujificha. Jeni ni zile zile, ila joto ndilo linaloamua ni vazi lipi livaliwe. Kwa maneno mengine, kupanda na kushuka kwa majira ya nchi hizi kumeandikwa ndani ya mdudu huyu kama desturi.

Mwaka 2011 wataalamu walichapisha uchunguzi wa kipande cha DNA ambacho hurithiwa kwa mama peke yake, kutoka katika makundi sita ya kipepeo huyu yaliyotapakaa tangu Uganda hadi Afrika Kusini. Walichokuta ni rejista ya aina ya pili: majina mengi, lakini yanayotofautiana kidogo sana. Dalili hiyo ilionekana katika makundi yote isipokuwa lile lililo karibu zaidi na Ikweta. Wakiunganisha matokeo hayo na habari za tabia ya nchi ya zamani, walipendekeza kwamba kipepeo huyu alibanwa katika sehemu chache zenye unyevu wakati wa baridi na ukavu, kisha hali ilipotengemaa akaenea upesi katika nchi nzima ya mashariki na kusini mwa Afrika. Sehemu kama hizo nitaziita makimbilio.

Msomaji na aangalie vizuri maana ya maneno haya. Kipepeo huyu hakuvumilia ukame mahali popote alipokuwapo. Mahali pengi alikufa, akabaki katika makimbilio tu. Tunayemwona leo ni mjukuu wa wale waliokuwa mahali pa kufaa, na aliyepata njia ya kutoka huko wakati ulipofika.

Jamaa za senene wasioruka

Mfano wa pili unatoka katika milima ya Afrika Mashariki. Humo waishi wadudu wa jamaa ya senene ambao hawawezi kuruka kwa mbawa, kwa hiyo hawana uwezo wa kutoka mlima mmoja hadi mwingine kwa kuvuka nyika kavu iliyo katikati. Mwaka 2009 Kjetil Voje, Claudia Hemp na wenzao walichapisha uchunguzi wa DNA ya kundi moja la wadudu hao, baadhi wakiwa wakazi wa misitu na wengine wakazi wa nyika. Waligundua nyakati mbili ambapo aina mpya zilitokea kwa wingi. Wakati wa kwanza ulilingana na kuenea kwa nyasi za nyika duniani, na aina zilizotokea zilikuwa za nyika tu. Wakati wa pili ulikuwa miaka 800,000 hivi iliyopita, misitu ilipopungua na kupanda kwenye sehemu za juu za milima. Msitu uliokuwa mmoja ukawa visiwa vingi, na wadudu waliobaki katika kila kisiwa wakaachana na wenzao, hata wakawa aina mbalimbali.

Hapa pana fundisho ambalo mara nyingi halifundishwi. Mabadiliko ya tabia ya nchi hayakuua tu, bali yaliumba pia. Utajiri wa viumbe tunaojivunia katika milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ni mazao ya misitu kugawanyika na kuungana mara nyingi. Lakini mazao hayo yalipatikana kwa sababu msitu, ingawa ulipungua, haukwisha. Chavua zilizochimbwa katika milima ya Uluguru na Udzungwa zinaonyesha kwamba hata wakati wa baridi na ukavu wa miaka 20,000 iliyopita, mvuke wa Bahari ya Hindi uliendelea kuinywesha milima hiyo. Kimbilio lilibaki wazi.

Nyuki wa milimani

Mfano wa tatu unamhusu mdudu ambaye kila mmoja wetu anamfahamu. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa ufugaji nyuki katika Tanganyika, alieleza kwamba nyuki wa milima mirefu ni weusi zaidi, wakubwa zaidi na wapole kuliko wenzao wa nyanda za chini, akawapa jina la kisayansi monticola, yaani wakazi wa milimani. Kwa miaka mingi wataalamu walijadiliana kama kweli hao ni nyuki wa namna ya pekee.

Mwaka 2017 Andreas Wallberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA yote ya nyuki wa milimani na wa nyanda za chini nchini Kenya. Ilionekana kwamba nyuki hao wanafanana karibu kila mahali, isipokuwa katika vipande viwili vikubwa, kimoja katika kromosomu ya 7 na kingine katika kromosomu ya 9. Vipande hivyo vimegeuzwa, mwanzo ukawa mwisho, na kwa sababu hiyo havichanganyiki kwa urahisi na vile vya nyuki wa chini. Tofauti zilizomo ndani yake ni nyingi sana, dalili ya kwamba vimetengana kwa muda mrefu mno. Yadhaniwa kwamba ndivyo vinavyowawezesha nyuki hao kuishi katika baridi ya juu.

Fikiri basi: hapo pana hazina ya kale iliyohifadhiwa vileleni tu. Nchi ikipata joto, ukanda wa baridi hupanda juu, na wakazi wake hupanda nao. Lakini mlima una mwisho. Aliyefika kileleni hana pa kupanda tena.

Wakati, kimbilio na njia

Nikiiweka mifano hii mitatu pamoja, naona kwamba wadudu walinusurika kwa mambo matatu. Walipata wakati, walipata kimbilio, na walipata njia ya kutoka katika kimbilio hali ilipokuwa njema. Tuyapime mambo hayo kwa hali ya leo.

Kuhusu wakati: baada ya kipindi cha baridi cha miaka 20,000 iliyopita, nchi zetu zilipata joto la digrii 4 hivi katika muda unaokaribia miaka 10,000. Hiyo ni wastani wa digrii 0.04 kwa kila miaka 100. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 dunia kwa ujumla imepata joto zaidi ya digrii 1. Mwanafunzi yeyote anaweza kufanya hesabu hiyo ubaoni, naye ataona kwamba mwendo wa sasa ni zaidi ya mara 10 ya ule wa zamani. Mdudu mwenye vizazi vingi kwa mwaka huenda akaufuata mwendo huo. Yule mwenye kizazi kimoja kwa mwaka, asiye na mbawa, aliyezoea msitu wa aina moja, ataachwa nyuma.

Kuhusu kimbilio: mashariki ya mji wetu iko milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanzia. Upande wa magharibi kuna nyanda za juu za Umatengo. Katika mabonde yenye vyanzo vya maji na katika vipande vya msitu vilivyosalia sehemu kama hizo, kuna unyevu hata mwezi wa Oktoba, miombo yote inapokuwa mikavu. Kwa macho ya mtu apitaye ni vijisitu tu. Kwa macho ya aliyesoma historia ya jeni, hayo ndiyo makimbilio. Kuni, mashamba na moto wa kiangazi vikivimaliza, hakuna pengine pa kukimbilia ukame ukija.

Kuhusu njia: zamani kipepeo aliyetoka kimbilioni alikuta pori limeunganika. Leo anakuta shamba, kisha barabara, kisha mji, kisha shamba jingine. Mkoa wetu unaelewa tayari maana ya ushoroba, maana kupitia Namtumbo na Tunduru kuna ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Twakubali kwamba tembo anahitaji njia, ila hatujawahi kufikiri kwamba senene asiyeruka anaihitaji zaidi, maana tembo hutembea mbali na huyu hawezi.

Hoja mbili za kupinga

Wako watakaosema kwamba si wadudu wote watakaopungua. Ni kweli, tena hilo ndilo linalonitia hofu. Kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika, alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Tanzania. Nondo wake huruka mwendo mrefu kwa usiku mmoja, huzaa sana, na chakula chake ni mahindi ambayo ndiyo tegemeo la mkulima wa Ruvuma. Mdudu wa namna hiyo hahitaji kimbilio wala ushoroba, maana nchi nzima ni shamba lake. Tusidhani basi kwamba mabadiliko haya yatatuachia nchi isiyo na wadudu. Yatatuachia wale wanaotula, na kutunyang'anya wale wanaotulisha: nyuki anayechavusha maboga na alizeti, nyigu anayewinda viwavi, na wengine wengi ambao hatujawapa hata majina.

Wengine watasema kwamba mwananchi anahitaji shamba na kuni leo, na kwamba si haki kumnyima kwa ajili ya panzi. Hoja hii ni nzito, na mtu asiyelima asiipuuze. Lakini sisemi kwamba nchi ifungwe. Nasema tutii kanuni tuliyo nayo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hiyo ilikusudiwa kulinda maji. Lakini tazama ramani ya mkoa: mito na vijito vinashuka kutoka milimani vikipita katikati ya mashamba na vijiji. Kama kingo zake zingeachwa na miti yake, kila kijito kingekuwa ushoroba wa kijani unaounganisha mlima na bonde. Mkulima angepata maji, na mdudu angepata njia, bila kuhitaji sheria mpya. Kadhalika, pale ambapo ni lazima kuchoma, kuchoma mapema nyasi zikiwa bado na unyevu huunguza kidogo kuliko moto wa Septemba na Oktoba, unaoteketeza kila kitu hadi kwenye ukingo wa msitu.

Kazi ya shule zetu

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tunafundisha urithi kwa njegere za Mendel, na uteuzi wa asili kwa nondo wa viwanda vya Uingereza. Mifano hiyo ni mizuri, lakini mwanafunzi asiyeona mwingine huondoka akidhani kwamba sayansi hutendeka ng'ambo tu. Kumbe kipepeo anayechunguzwa katika maabara za Ulaya alitoka ng'ambo ya ziwa letu wenyewe.

Jaribio lifuatalo halihitaji fedha. Tundika kivulini kikapu cha wavu chenye ndizi mbivu zilizooza, mara moja kila juma. Hesabu vipepeo wa kahawia watakaoingia, uwagawe kwa ukubwa wa madoa yao, kisha uwaachilie. Andika idadi yao pamoja na joto na mvua ya juma hilo. Baada ya mwaka mmoja darasa litakuwa na mchoro unaoonyesha jinsi majira yanavyomvika mdudu. Baada ya miaka kumi, shule itakuwa na kumbukumbu ambayo mtafiti yeyote angeitamani.

Pia, kila shule iwe na kisanduku cha wadudu. Wasikusanywe wengi, wawili au watatu wa kila aina watosha. Wakaushwe vizuri, wakingwe na sisimizi, na kila mmoja awe na kikaratasi kinachotaja mahali, kimo cha mahali hapo, tarehe na jina la aliyemkamata. Mdudu asiye na kikaratasi ni pambo tu. Mwenye kikaratasi ni hati, maana siku hizi DNA yaweza kusomwa hata katika mdudu aliyekaushwa miaka mingi iliyopita. Atakayetaka kujua mwaka 2070 kama rejista ya urithi ya wadudu wa Matogoro imepoteza majina, hataweza kujua bila kuwa na rejista ya leo ya kulinganisha nayo.

Sasa narudi kwa kijana wa kidato cha tatu. Jibu langu kwake ni hili. Wadudu unaowaona leo ni watoto wa wachache waliopata pa kukimbilia. Wale ambao hawakupata hawakuacha mjukuu wa kukuhadithia, na ndiyo maana unadhani kwamba wote waliokoka. Ukame ukija safari hii, kimbilio litakuwapo au halitakuwapo kwa sababu ya yale utakayoyatenda wewe na mimi katika mabonde ya Matogoro, na kiwango cha joto la kesho hakitatusubiri mpaka tumalize kubishana.